Bahasha, Redio na Bando: Nusu Karne ya Kusoma Bila Darasa

Vijana wanaopita kwangu kuulizia kozi za bure za mtandaoni huzungumza kana kwamba jambo hili lilizaliwa juzi pamoja na simu janja. Mimi nilipata ualimu kwa bahasha na redio miaka ya sabini, na wenzangu zaidi ya 35,000 waliupata kwa njia hiyo hiyo. Tuliitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na wenye ulimi mkali walisema kirefu chake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Tulicheka nao, kisha tukaingia darasani kufundisha watoto wao. Kwa hiyo nikisikia kwamba chuo kikubwa cha Marekani kimefungua kozi bure na watu laki moja na nusu wamejiandikisha, hesabu hiyo hainishtui. Mimi huuliza wamemaliza wangapi, na walipokwama nani alikuwa karibu nao.

Maswali hayo sikuyatoa kichwani. Yametoka kwenye historia yetu wenyewe, na inafaa isimuliwe kabla sisi tulioiishi hatujaisha.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1970, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo watu wazima takriban 67 kati ya kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi haikuweza kukaa ikingoja watoto wakue ndipo mambo yaanze kwenda. Ilibidi wazima wafuatwe huko huko waliko, shambani na vijijini, na chombo kilichofika huko bila kuhitaji barabara kilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam.

Kazi hiyo iliangukia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa tawi la Chuo cha Makerere, ikaja kuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake yenyewe. Ilianza taratibu. Kampeni ya "Kupanga ni Kuchagua" ilieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1971 ikaja "Wakati wa Furaha" ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na walioshiriki walikuwa kama 20,000. Miaka miwili baadaye, 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni mbili.

Kutoka elfu ishirini hadi milioni mbili kwa miaka miwili! Redio zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni viongozi wa vikundi, ambao walifundishwa ngazi kwa ngazi kutoka taifa hadi kijiji mpaka wakafika kama 75,000. Kila kiongozi alipewa kitabu na kikundi chake, na kila kikundi kilikutana kwa wiki kumi na mbili.

Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, kijijini kwetu Njombe, na mama yangu hakujua kusoma. Kikundi chake kilikutana kwa balozi wa nyumba kumi, nami nilimfuata kwa sababu ya redio. Kwanza walisikiliza kipindi wote kimya. Redio ikizimwa, kiongozi alisoma ukurasa wa kitabu kuhusu ugonjwa wa siku hiyo: malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Kisha maswali: ugonjwa huu uko hapa kwetu? Unaletwa na nini? Tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Nakumbuka jioni moja walibishana hadi giza likaingia. Habari za minyoo zilikwisha mapema, ubishi ukawa ni nani atamchimbia choo bibi mjane ambaye wanawe walikuwa wameenda kukata mkonge Tanga. Waligawana zamu, na choo kikachimbwa. Vyoo vilivyochimbwa nchi nzima kwa kampeni ile vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na ninaamini vingi vilitokana na ubishi wa namna hiyo. Redio ilianzisha mazungumzo, vyoo vikachimbwa na majirani walioulizana.

Novemba 1974 chama tawala kilikutana Musoma na kupitisha azimio kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Wanafunzi wakazidi mara mbili ndani ya miaka michache. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingefanya kazi usiku na mchana, ndipo tukachukuliwa sisi, vijana tuliomaliza darasa la saba. Kati ya mwaka 1976 na mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu wapatao 45,000 waliandikishwa kusomea ualimu huku tayari wanafundisha.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi unafundisha watoto wa madarasa ya chini, na mwalimu mzoefu anakuangalia. Mchana unakuwa mwanafunzi, na kwenye bahasha yako mna kitabu chembamba cha somo chenye mazoezi nyuma. Jioni unasikiliza kipindi cha redio, na kipindi kina saa yake: ukichelewa, kimepita. Betri zikianza kulegea tulizianika juani ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi kimoja zaidi, maana dukani zilikuwa adimu. Mwishoni ulikwenda chuoni kwa wiki chache, ukafanya mtihani, na ukifaulu ukapata cheti cha Daraja la Tatu C.

Mratibu wetu wa elimu kata alikuwa na baiskeli moja na kalamu nyekundu. Alikuja shuleni kila wiki, matope yasipomzuia, akakaa chini ya mti na kuita jina kwa jina. Ninalo bado zoezi moja la saikolojia ya mtoto, karatasi imekuwa rangi ya chai. Pembeni ameandika: "Umejibu swali ambalo hukuulizwa. Rudia." Nikarudia. Wiki iliyofuata aliandika tiki tu, bila neno, nami nikatembea siku nzima kama niliyepandishwa cheo.

Walioandikishwa walikuwa kama 45,000, na waliopata cheti ni zaidi ya 35,000, karibu wanane kati ya kila kumi. Nakubali kwamba tulikuwa na sababu ya kung'ang'ana, kwa kuwa kufaulu kulituhakikishia ajira. Nakubali pia kwamba wengine tulitoka na mapengo: hesabu za sehemu tulizielewa tukiwa tayari tunazifundisha, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha. Lile jina la kejeli halikutoka hewani. Hata hivyo watoto wa taifa hili wasingeingia darasani wote kwa pamoja bila sisi, na sisi tusingefika popote kwa bahasha peke yake.

Zama hizo ziliisha kwa sababu ambayo wapenzi wa elimu ya bure husahau kuitaja: fedha. Elimu ile hatukuilipia sisi wanafunzi, lakini ililipiwa. Serikali ilitoa, na wafadhili kama Sweden walisaidia elimu ya posta na uchapaji. Ilipokuja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake miaka ya kukosa fedha za kigeni, karatasi zikakosekana, betri zikakosekana, na madarasa ya watu wazima yakafa moja baada ya jingine. Magazeti ya vijijini yaliyowapa wasomaji wapya kitu cha kusoma, kama "Elimu Haina Mwisho" la Mwanza, yakafifia. Takwimu rasmi za 1986 zilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 kwa kila 100. Sensa ya 2002 ikakuta watu wazima kama 3 kati ya 10 hawajui.

Hatua iliyofuata ilikuwa chuo kikuu. Waingereza walikuwa wametangulia. Harold Wilson alilitoa wazo la chuo kikuu cha hewani mwaka 1963, waziri Jennie Lee akalipigania, na Open University ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, wengi wao watu wa kazini waliofuata vipindi vya BBC. Tanzania ikatunga Sheria Na. 17 ya 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza rasmi Machi 1, 1993, kikiwa cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yalikuwa Kinondoni, Dar es Salaam, lakini nguvu yake ilikuwa katika vituo vya mikoani, mahali penye mtu wa kukupokea, vitabu vya kuazima na chumba cha mtihani.

Nilijiunga nikiwa mwalimu mwenye watoto wanne, baada ya kupita mlango mrefu wa mtihani wa maarifa na wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kituo chetu kilikuwa Iringa, safari ya basi kutoka Njombe kupitia Makambako. Wanafunzi wa Njombe tulijuana stendi. Tulipogundua kwamba tunasoma masomo yale yale tukaunda kikundi chetu, tukagawana sura, kila mmoja akafundisha wenzake ile aliyopewa. Hakuna aliyetuagiza, ila wengi wetu tulikuwa walimu wa UPE na hatukujua namna nyingine ya kusoma.

Wakati sisi tunahangaika na mabasi, Marekani kulikuwa na wazo jipya. Aprili 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, dunia nzima isome. Mwaka 2002 yalitoka masomo 50 ya kwanza, na kufikia 2007 yalikuwa kama 1,800. Mwaka huo huo wa 2002, UNESCO iliitisha mkutano Paris ambako neno la rasilimali huria za elimu lilipata sura yake, na mwishoni mwa mwaka zikatolewa leseni za Creative Commons, zinazomruhusu mtu kunakili na mara nyingi kubadilisha kazi ya mwenzake bila kuvunja sheria. Kwetu jambo hilo lilikuwa na maana ya pekee. Mradi wa TESSA, ulioanza 2005 chini ya Open University ya Uingereza na Chuo Kikuu Huria chetu kikiwa mshirika, ulitoa masomo ya bure kwa walimu wa shule za msingi, na toleo la Kiswahili likiwemo. Mwalimu angeweza kuyachapa, kukata ukurasa asiouhitaji na kuweka mfano wa kijijini kwake, na hakuna ambaye angemwuliza.

Kisha ikaja kishindo. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada: wanafunzi wa kulipa walikuwa 25 hivi, na wa bure zaidi ya 2,000. Mwaka 2011 kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka 2012 zikazaliwa kampuni za Udacity na Coursera, na MIT pamoja na Harvard wakaanzisha edX, kila chuo kikiweka dola milioni 30. Magazeti yaliuita mwaka huo mwaka wa kozi kubwa za mtandaoni. Wapo waliosema vyuo vya kawaida vitafungwa.

Kozi ya kwanza ya edX ilihusu saketi na elektroniki. Waliojiandikisha walikuwa karibu 155,000, waliofaulu 7,157. Kati ya hao, 340 walipata alama zote, na mmoja wao alikuwa Battushig Myanganbayar, mvulana wa miaka 15 kutoka Ulaanbaatar, Mongolia. Dunia nzima ilimwandika: kijana wa mbali, peke yake na kompyuta yake, amewashinda wote.

Peke yake? Mkuu wa shule yake alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT. Ndiye aliyeiona kozi ile, akaamua wanafunzi wake waisome kwa pamoja, na akamwita aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, wakati huo akiwa Stanford, ambaye alifika na vifaa vya maabara na kukaa nao wiki kadhaa wakiunganisha saketi kwa mikono. Battushig ana kipaji, hilo halina ubishi. Lakini huyo naye alikuwa na mratibu wake wa elimu kata, tena mwenye shahada ya MIT.

Pale ambapo mtu huyo alikosekana, matokeo yalikuwa mengine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2013 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliosoma kozi zake za Coursera walikuwa tayari na shahada. Mlango ulifunguliwa wakaingia waliokuwa ndani. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha San Jose, California, kilijaribu kutumia kozi za Udacity kwa wanafunzi waliokuwa nyuma kimasomo, zaidi ya nusu wakafeli, na mpango ukasimamishwa. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walichapisha hesabu ya miaka sita ya kozi za MIT na Harvard. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua hata somo la kwanza, na katika mwaka wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa kama 3 kati ya kila 100.

Watetezi wa kozi hizi husema si kila anayejiandikisha anataka cheti. Mwingine anataka somo moja tu, alipate, aondoke. Ni kweli, hata mimi nimefanya hivyo. Lakini jibu hilo linamhusu mwenye shahada anayeongeza ujuzi. Kijana aliyeishia kidato cha pili na anataka kuanza upya habari yake ni nyingine.

Ubure nao ulipungua. Mwaka 2016 Coursera ilianza kutoza fedha kwa kazi zenye kusahihishwa katika kozi zake nyingi, na video zikabaki wazi. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Hadithi yetu ya miaka ya themanini imejirudia kwa dola: elimu ya bure huwa na mlipaji, na mlipaji akichoka mlango hurudishwa.

Kwetu huku kozi hizi zinakutana na mambo mawili zaidi. La kwanza ni bando. Video ya saa moja inakula kifurushi ambacho mtu alitegemea kwa wiki, na mtandao ukiwa mdogo inazunguka tu. La pili ni lugha. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kozi karibu zote ni za Kiingereza, tena cha haraka.

Binti mmoja jirani yangu, mhudumu katika zahanati, alianza kozi ya lishe ya mama na mtoto. Alikuja jioni moja akiwa ameshika simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Wameandika bure, Mwalimu. Nimefika katikati, jaribio haliwezi kusahihishwa mpaka nilipe dola."

Nilimwambia aje na wenzake. Sasa wanakutana barazani kwangu kila Jumamosi. Mmoja anapakua video usiku wakati kifurushi ni nafuu, wanaitazama pamoja kwenye simu moja, wanaisimamisha kila dakika chache, anayejua Kiingereza anaeleza, kisha wanabishana kwa Kiswahili: maziwa haya ya kopo wanayoyataja yako wapi huku? Dagaa watafaa badala yake? Kusahihisha nasahihisha mimi, kwa kalamu nyekundu. Cheti cha dola hawajapata, ila yule binti sasa ndiye anayetoa somo la lishe siku ya kliniki.

Suala la cheti si dogo, na silidharau. Mwajiri anayekitazama cheti cha mtandaoni kwa jicho la pembeni anafanya walichotufanyia sisi miaka ile. Sisi tuliokolewa na mtihani wa taifa: ukiufaulu, hakuna wa kuuliza ulisomea chini ya mti gani. Wanaosoma mtandaoni wanahitaji mlango kama huo, mtihani wa hapa nyumbani wenye ada nafuu, unaompima mtu alichokijua bila kujali alikipata wapi.

Haja ya kwanza, hata hivyo, ni watu. Kila halmashauri ina ofisa elimu ya watu wazima. Maktaba za mikoa zipo, shule za kata zipo na jioni madarasa yake ni matupu, na walimu wastaafu tumejaa tele, wengine tukiwa na uzoefu wa kusoma na kufundisha bila darasa unaozidi umri wa intaneti. Ombi langu kwa wanaopanga bajeti ni dogo: kabla ya kununua vishikwambi vingine, lipeni posho ya mwezeshaji mmoja kila kata, mpeni chumba na intaneti, na mwagizeni aunde vikundi. Masomo yenyewe tayari yapo bure. Mwezeshaji hajawahi kuwa wa bure, si mwaka 1973 wala leo, na bila yeye tutaendelea kuhesabu waliojiandikisha.